Wenzi wa Mtunzi: Habari za Muyaka bin Haji wa Mvita na Watu Waliomjibu na Kumhifadhi

Watu wengi waliosoma shuleni hudhani ya kuwa kutunga ni kazi ya mtu mmoja peke yake. Humwazia mtunzi ameketi chumbani, taa imewaka, mlango umefungwa, na maneno yanamjia yeye tu. Kisha kitabu hupigwa chapa, jina lake huandikwa juu ya jalada, na habari zimekwisha. Fikira hii imetujia pamoja na vitabu vya Ulaya, na hata huko Ulaya si kweli tupu. Lakini kwa upande wa Kiswahili ni kosa kubwa, maana ushairi wa pwani ulikua barazani kwa kujibizana, na mara nyingi umeokoka kwa sababu watu watatu au wanne walishikamana kuuhifadhi. Nataka kulieleza jambo hili kwa mfano mmoja, yaani habari za Muyaka bin Haji al-Ghassany wa Mombasa, kwa kuwa katika habari zake wenzi wa mtunzi huonekana wazi, wale wa zamani zake na wale waliokuja baada ya kufa kwake. Tena mmoja katika hao wa baadaye alikuwa mmisionari, nasi tulio katika kazi ya kufundisha yatupasa kujua ni lipi alilolitenda, na ni lipi ambalo asingaliliweza pasipo msaada wa wengine.

Muyaka alizaliwa yapata mwaka 1776, akafa yapata mwaka 1840. Umri wake wote ulikuwa wa misukosuko. Mombasa ilitawaliwa na Mazrui, watu wa asili ya Omani waliokwisha kuwa wenyeji, wakipatana na yale mataifa kumi na mawili ya Waswahili yaitwayo Thenashara Taifa. Bila ya kupatana nao, hapakuwa na liwali aliyeweza kukaa Ngomeni kwa raha. Mazrui walikataa kumtii mtawala wa Omani. Yapata mwaka 1812 au 1813 watu wa Mombasa pamoja na wenzao wa Pate walishindwa vibaya huko Shela, karibu na Lamu, na watu wa Lamu kwa kuogopa kisasi wakaomba ulinzi wa Sayyid Said. Mwaka 1824 nahodha mmoja Mwingereza, jina lake Owen, aliridhia bendera ya Uingereza ipandishwe Mombasa, ikashushwa mwaka 1826. Baada ya hapo Sayyid Said alileta merikebu zake mara kwa mara, mpaka mwaka 1837 akaupata mji, na wakubwa wa Mazrui wakakamatwa kwa hila na kupelekwa mbali, wengi wao wasirudi tena. Muyaka aliyaona hayo yote kwa macho yake. Alikuwa mtu wa Mvita kabisa, rafiki wa Mazrui, na mashairi yake mengi ni silaha katika ugomvi huo.

Kabla yake, utungaji uliotukuzwa sana ulikuwa tenzi ndefu za dini na habari za mashujaa, kazi ya masharifu na wanavyuoni wa Pate na Lamu. Muyaka hakuwa mtu wa tenzi. Alichukua shairi fupi la mishororo minne, kila mshororo mizani kumi na sita, umekatwa katikati nane kwa nane, wenye vina vya kati na vya mwisho. Akalitumia kwa vita na siasa, kwa mapenzi na mambo ya nyumbani, kwa njaa na shibe, kwa mafumbo na mzaha. Bwana Mohamed Abdulaziz, aliyeandika kitabu kikubwa juu yake mwaka 1979, asema kwamba Muyaka aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Neno hilo ni zuri, ila lisitufanye kusahau ya kuwa sokoni kuna watu. Mtu hapeleki kitu sokoni kama hakuna wa kukipokea, kukikagua, kukitoa kasoro, na kutaja bei nyingine.

Na hao ndio wenzi wa kwanza wa mtunzi, yaani wale wamjibuo. Desturi ya kujibizana kwa mashairi ni ya zamani pwani yote, na imekuwa na sheria zake ijapokuwa hapakuwa na kitabu cha sheria. Mtunzi alitoa shairi lake barazani, au alilituma kwa mdomo wa mwimbaji, au kwa waraka uliopelekwa kwa jahazi. Aliyelipokea alipaswa kujibu. Tena hakujibu kama apendavyo: ilimpasa kufuata mizani ile ile, na aliyetaka heshima alifuata na vina vile vile, na pengine alilichukua neno la mwisho la mwenziwe akaligeuza maana likamrudia mwenyewe. Msomaji aliyejaribu kazi hii ajua ugumu wake. Ukipewa kina kilicho haba katika lugha, huna njia ila kuyatafuta maneno yaliyolala, maneno ya mabaharia, ya wakulima, ya Kiswahili cha kale. Na kabla ya kuyatafuta yakubidi kulisikiliza shairi la mwenzio neno kwa neno, maana usipolishika vema utajibu lisiloulizwa, na baraza zima litacheka. Ndiyo maana nasema ya kwamba kujibizana kulikuwa chuo. Hapakuwa na mwalimu mwenye kiboko, lakini hapana mwanafunzi aliyesikiliza kwa makini kuliko mtu aliyetukanwa kwa shairi na kungojewa jawabu.

Katika siku za Muyaka mashindano ya namna hii yalipita kati ya Mombasa na Lamu, mji na mji. Upande wa Lamu alikuwako Bwana Zahidi Mngumi, aliyekuwa kiongozi wa mji wake na mtunzi pia. Maneno yao yalikuwa makali, nayo yalitangulia vita na kufuata vita. Kasisi mmoja asomaye mashairi hayo leo aweza kusikitika kuona kipawa kizuri hivi kikitumiwa kwa kutisha na kukejeli, na mimi sitamlaumu. Walakini kwa upande wa lugha naona ya kuwa adui wa Lamu alimfaa Muyaka kuliko wasifu wake wote wa Mombasa. Wasifu humwambia mtunzi kwamba amefika. Adui humwonyesha mahali vina vyake vimelegea, na mahali hoja yake ina tundu; tena asema mbele ya watu, wala haiwezekani kumnyamazisha kwa karamu. Wako waandishi wa siku zetu waliokusanya marafiki wa kuwapigia makofi tu, na vitabu vyao vyaonyesha.

Kuna namna nyingine ya kushirikiana isiyo ya ugomvi, nayo ni fumbo. Mtunzi alilifunga jambo ndani ya maneno ya kitu kingine, pengine mti, chombo au mnyama, akawatupia wenziwe walifumbue. Aliyefumbua alijibu kwa shairi, na kama hakupata, alikiri kwa shairi. Hapo shairi lilikuwa halijatimia mpaka mtu wa pili amesema. Nusu ya kwanza ilikuwa mali ya mmoja, na nusu ya pili mali ya mwingine, nayo mawili pamoja ndiyo kitu kilichokaririwa na watu. Jambo hili laleta taabu kwa mtu wa leo atakaye kuyapiga chapa mashairi ya mtunzi mmoja peke yake: hulitoa swali akaliacha jawabu, au hulitoa jawabu wala msomaji asijue limejibu nini. Mashairi mengi ya Muyaka yako katika hali hii. Twalisikia shauri la mtu mmoja wa mabishano, na sauti ya mwenziwe imepotea.

Muyaka alipokufa, mashairi yake yalibaki katika vinywa vya watu. Mwaka 1844 Dr. Krapf wa Church Missionary Society alifika Mombasa, miaka minne tu au karibu na hiyo baada ya kufa kwa mtunzi. Alifanya kazi kubwa ya kukusanya maneno, na kamusi yake iliyopigwa chapa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake mwenyewe, ingali hazina. Lakini ushairi wa barazani haukukusanywa na yeye. Miaka mingine arobaini ilipita. Wazee waliomjua Muyaka wakafa mmoja mmoja, na ule mji wa Mazrui uliokuwa sababu ya mashairi yake ukawa hadithi. Hapo ndipo palikuwa na hatari yenyewe. Shairi la mishororo minne laweza kukaa katika kumbukumbu ya watu muda mrefu, maana mizani na vina hulishika kama mishipi. Lakini habari zake, yaani ni nani aliyesemwa, ni merikebu gani iliyotajwa, ni mzaha gani uliokusudiwa, hazina mizani, nazo hupotea kwanza. Likibaki shairi bila habari zake, latamkwa na kila mtu wala halieleweki na mtu.

Mwaka 1880 alifika Kasisi W. E. Taylor, wa shirika lile lile la Krapf. Alizaliwa mwaka 1856, akafa mwaka 1927, na katika miaka yake ya Mombasa na Rabai na Giriama alijifunza lugha kwa namna ambayo Wazungu wachache wameifikia. Husemwa kwamba alivaa kanzu na kuhubiri sokoni. Mwaka 1891 kilitoka kitabu chake cha methali za Waswahili, ambacho hata leo mtu akitaka kujua methali ya Mombasa ilivyotumiwa zamani hana budi kukifungua. Na mwaka ule ule kilitoka kitabu chake cha maneno ya Kigiriama. Mtu wa namna hii ni rahisi kumsifu peke yake. Lakini ukitazama mashairi ya Muyaka yaliyomo katika karatasi zake, waona mara moja ya kuwa hakuyapata peke yake, wala asingaliweza.

Aliyemletea ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mtu wa Mombasa, mwanachuoni na mtunzi yeye mwenyewe. Sikujua aliwaendea waliokumbuka, akayaandika mashairi kwa herufi za Kiarabu, kisha akamweleza Taylor maana na sababu zake. Mwenziwe katika kazi ya kueleza alikuwa Bwana Hemedi bin Muhammad al-Mambasi, naye pia mtunzi. Taylor aliyageuza kwa herufi za Kirumi, akatia maelezo pembeni. Sikujua alikufa mwaka 1890. Tafakari, msomaji, jinsi muda ulivyokuwa mfinyu: kati ya kufika kwa Taylor na kufa kwa Sikujua ilipita miaka kumi tu, na katika miaka hiyo kumi Taylor alipaswa kwanza kujifunza lugha, kisha kuaminiwa, kisha kuuliza vema. Kama angalifika mwaka 1891, angalikuta shairi moja moja likikaririwa, lakini yule aliyeweza kuyakusanya na kuyaeleza asingalikuwako.

Napenda kukaa kidogo juu ya herufi, kwa sababu wako walimu wafikirio kwamba jambo likiisha kuandikwa limekwisha kuhifadhiwa, wala mwenzi hahitajiwi tena. Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa desturi ya kale kilikuwa na upungufu mkubwa, maana Kiarabu hakina p, wala v, wala ch, wala g ya Kiswahili. Waandishi walitumia herufi ya b kwa b, na kwa p, na mara nyingi kwa mb pia. Basi neno moja lililoandikwa laweza kusomwa bata, au pata, au mbata, na yote matatu ni maneno ya Kiswahili. Herufi ya f ilitumika kwa f na kwa v. Herufi ya ghaini ilisimama mahali pa g na ng na ng'. Tena alama za irabu za Kiarabu ni tatu tu, hata e na i zikachanganyika, na o na u vilevile. Kupeta na kupita, kuchoma na kuchuma, yote yaliandikwa namna moja. Kwa barua ya biashara upungufu huu si kitu, kwa kuwa habari yenyewe humwongoza asomaye. Kwa shairi la fumbo, ambalo mtunzi amekusudia kumpoteza asikiaye, ni jambo baya sana. Karatasi hiyo ni kama ala ya muziki isiyo na mpigaji. Apaswa kuwako mtu mwenye shairi kichwani, na karatasi humkumbusha tu.

Sikujua alikuwa na mashairi kichwani, na Taylor alikuwa na sikio. Kimvita chatofautisha sauti ambazo vitabu vyetu vya shule havizionyeshi, kwa mfano p ya paa la nyumba na p yenye pumzi ya paa wa mwituni, na t ya ulimi kwenye meno mbali na t ya ulimi juu ya ufizi. Taylor alizisikia, akazitilia alama. Pia hakujaribu kuyasahihisha maneno ya Mvita yawe ya Unguja. Aliyeimba mato hakuandikiwa macho, na aliyesema ndia hakuandikiwa njia. Wakati ule wamisionari wa Mombasa na wamisionari wa Unguja walikuwa na tafsiri mbalimbali za Maandiko, na ugomvi juu ya Kiswahili kipi ni bora ulikuwa mkali kuliko ulivyofaa kati ya watu wa kazi moja. Taylor alishika upande wa Mombasa. Yawezekana alipendelea kupita kiasi. Lakini kwa kazi ya kumhifadhi Muyaka upendeleo huo ulikuwa baraka, maana ukibadili ndia iwe njia waweza kuvunja kina, na ukivunja kina umeliua shairi.

Lazima niseme pia yasiyo mazuri. Mashairi yaliyokusanywa kutoka vinywani kwa watu, miaka arobaini na zaidi baada ya mtunzi kufa, hayawezi kuwa yake yote. Jina kubwa huvuta mashairi ya wadogo. Mtu akikumbuka shairi tamu la zamani, wala hajui la nani, husema la Muyaka. Na wenzi wa mtunzi, kwa mapenzi yao, hulipokea. Yako na mengine ambayo hapana shaka waliyaacha kwa kuyaona hayana adabu, au kwa kuwa yalimgusa baba wa mtu aliyekuwa hai. Kila kundi la wahifadhi ni kundi la wachaguzi. Silaumu kwamba walichagua. Nataka tu msomaji ajue, ashikapo diwani mkononi, ya kuwa anasoma Muyaka kama alivyokumbukwa na mji wa Mombasa katika miaka ya 1880.

Karatasi za Taylor ziliishia London, katika maktaba ya School of Oriental and African Studies, na huko Bwana William Hichens akazifanyia kazi. Mwaka 1940 diwani ya Muyaka ilipigwa chapa Johannesburg, kwa Witwatersrand University Press, pamoja na habari za maisha yake zilizosimuliwa kwa Kiswahili. Hesabu ya miaka ni nyepesi: mtunzi alikufa yapata 1840, kitabu kikatoka 1940. Kwa muda wa miaka mia mashairi haya yalibebwa na watu, nao walikuwa wa dini mbili, wa mabara mawili, na wengi wao hawakuonana kamwe. Hichens hakupata kumwona Sikujua, wala Sikujua hakupata kumwona Muyaka mzima, kwa kadiri miaka inavyotuonyesha, ila labda utotoni.

Kazi kama hiyo ilifanyika Lamu pia, mikononi mwa Muhammad bin Abubakar Kijuma, aliyekuwa mtunzi, mchoraji wa nakshi za mbao, na mwandishi wa hati nzuri ajabu. Ndiye aliyewaandikia Bibi Alice Werner, na Hichens, na baadaye Dr. Dammann, nakala za tenzi nyingi za kale. Utenzi wa Liyongo tuujuao leo ni wa mkono wake, wa mwaka 1913. Alikufa mwaka 1945. Katika vitabu vya wataalamu wa Ulaya jina lake hutajwa kwa shukrani, lakini hutajwa katika dibaji, na majina ya wataalamu huwekwa juu ya jalada. Nimeona wanafunzi wetu wakisoma vitabu hivyo miaka mingi pasipo kujua kwamba palikuwa na Kijuma au Sikujua. Hili lina madhara kuliko kukosa heshima tu. Kijana asiyejua kwamba kazi ya Taylor ilisimama juu ya mabega ya mwalimu wa Mombasa hudhani kwamba elimu ya lugha yake yatoka nje, na kwamba sehemu yake yeye ni kuulizwa.

Katika karne ya ishirini ushirika wa waandishi ulichukua sura nyingine. Mwaka 1925 palikuwa na mkutano wa elimu Dar es Salaam, mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ukachagua Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa lugha ya vitabu, na tangu Januari 1930 ikawako ile Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, chini ya katibu Bwana Frederick Johnson. Miswada ya vitabu vya shule ilipelekwa kwa Kamati ikasomwe na kusahihishwa. Faida zake ni nyingi na sitazikana: tahajia moja, kamusi ya mwaka 1939, vitabu vilivyosomeka Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja pia. Lakini ukiulinganisha ushirika huu na lile baraza la Muyaka, waona tofauti. Barazani mtunzi aliwaona usoni wamkosoao, naye aliruhusiwa kuwajibu. Mbele ya Kamati mswada ulikwenda na kurudi kwa posta, na masahihisho yake yalikuwa hukumu. Tena katika miaka yake ya mwanzo Kamati haikuwa na mjumbe Mwafrika. Haikuwa ajabu kwamba watunzi wa Mombasa walinung'unika, maana lugha ya Muyaka ilikuwa imegeuka kuwa lahaja ya kusahihishwa katika mji ule ule wa mkutano.

Mahali baraza liliposalia ni katika magazeti. Gazeti la Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, nalo likatoa nafasi kwa mashairi. Na hapo wakajibizana makarani, walimu, maaskari na wakulima, kila mmoja kutoka mahali pake, kwa mizani na vina kama zamani. Watu wa Pwani na watu wa bara walikutana katika karatasi hizo. Kwa upande wa misioni, hata kabla ya hapo, Msimulizi la Kiungani, Unguja, lililoanza mwaka 1888, lilijazwa kwa habari walizozileta walimu na wanafunzi wenyewe kutoka vituo vyao. Na nionavyo mimi, kijana aliyeandika habari za kijiji chake akijua kwamba rafiki zake wa shule watazisoma na kumcheka akikosea, alijifunza kuandika upesi kuliko kwa insha mia za darasani.

Mwalimu atakaye kuanzisha ushirika wa namna hii katika kituo chake hahitaji fedha wala ruhusa kubwa. Ahitaji watu wanne au watano wapendao maneno, na desturi tatu walizokuwa nazo wale wa kale: kwamba kazi isomwe kwa sauti mbele ya wenzi, maana sikio hugundua ulegevu ambao jicho hulisamehe, kwamba asemaye ubaya wa kazi awe tayari kuonyesha kazi yake mwenyewe, na kwamba jawabu lije kwa kutunga, lisije kwa kusema tu. Hilo la tatu ndilo lililosahauliwa zaidi. Siku hizi hupenda kumpa mwandishi maoni, na maoni hayana gharama. Mombasa ya Muyaka ilimtaka mwenye maoni alipe kwa mizani kumi na sita.

Mji huo haujaacha kutoa watunzi. Ahmad Nassir Juma Bhalo alitoa diwani yake, Malenga wa Mvita, mwaka 1971, ikiwa na utangulizi wa Shihabuddin Chiraghdin, naye mtu wa Mombasa aliyekuwa kwa kizazi hicho kama Sikujua alivyokuwa kwa chake. Ndugu yake, Abdilatif Abdalla, alifungwa gerezani mwaka 1969 kwa sababu ya karatasi aliyoiandika kuuliza Kenya inakwenda wapi, akakaa kifungoni mpaka mwaka 1972. Huko aliondolewa baraza lake lote. Aliyatunga mashairi yake kwa siri, juu ya karatasi za chooni, na mtu akiyasoma aona jinsi mengi yake yalivyo mazungumzo: huuliza, hujibu, hubishana na mtu asiyekuwapo, kana kwamba mtunzi wa Mvita akikosa mwenzi hana budi kumuumba. Yalipigwa chapa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, kwa Kimvita, pasipo kubadilishwa yawe ya Unguja. Wakati huo mtunzi mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamia Dar es Salaam, akifanya kazi katika Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, nyumba iliyorithi kazi, majalada na kamusi za ile Kamati ya mwaka 1930.